Wanasheria Waliotangulia Mbele ya Haki

Kiswahili cha pwani humsema aliyefariki kuwa ametangulia mbele ya haki, na msemo huo, ambao msingi wake ni imani kwamba Haki ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu, hupata maana ya ziada unapotajwa kwa mtu aliyetumia umri wake kuisoma sheria, kuifundisha au kuamua kwayo. Mtu huyo huitwa marehemu, yaani aliyerehemiwa, au hayati, neno ambalo katika Kiarabu lina asili moja na uhai. Katika mwambao wa Kilwa na Lindi, ambako elimu ya sheria ilikuwako karne nyingi kabla ya chuo kikuu chochote kufunguliwa Afrika Mashariki, swali la namna ya kuwakumbuka wasomi wa sheria waliokufa ni la kale, ingawa leo huulizwa zaidi kuhusu wahitimu wa Mlimani, jina ambalo watu wengi hukiita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Neno chuo lenyewe lastahili kutazamwa kwanza. Kabla ya kumaanisha taasisi ya elimu ya juu, chuo kilikuwa kitabu, na kwa kupanuka kwa maana kikawa mahali ambapo kitabu husomwa, hasa madrasa ya Kurani, na kutokana na neno hilo lugha ikapata mwanachuoni, au mwanazuoni, yaani mtu wa vitabu ambaye watu humwendea kwa fatwa, mirathi, ndoa na talaka. Mwanazuoni wa mwambao alisoma fikihi, ambayo ni elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, na miongoni mwa vitabu vilivyotegemewa zaidi na makadhi wa Afrika Mashariki ni Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Shamu aliyefariki mwaka 1277. Aliyekihitimu kitabu mbele ya mwalimu alipewa ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha, na ijaza hiyo ilimtaja mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, mpaka kumfikia mtunzi. Kwa utaratibu huo kila somo lilikuwa pia kumbukumbu, kwa kuwa mwanafunzi hakuweza kueleza elimu yake imetoka wapi bila kuwataja wafu.

Kwamba Kilwa ilikuwa mahali pa elimu ya namna hiyo ni jambo lenye ushahidi. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko ambaye mwenyewe alikuwa amesomea sheria na baadaye akahukumu akiwa kadhi katika visiwa vya Maldivi, alifika Kilwa mwaka 1331 akawakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Shafii chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Msafiri huyo aliona kuwa sultani alitenga khumsi, yaani sehemu moja ya tano ya ngawira, akaigawa kama Kurani inavyoelekeza, na sehemu ya masharifu akaiweka katika hazina ya peke yake. Tarihi ya Kilwa, kitabu cha Kiarabu kilichoandikwa karne ya 16, husimulia kwamba sultani huyo, kabla ya kutawala, alikaa Aden miaka miwili akisoma, na safari yake ikaendelea mpaka Makka kuhiji. Hivyo mmoja wa watawala mashuhuri wa Kilwa anakumbukwa kwa jengo la Husuni Kubwa na pia kwa masomo aliyoyafuata ng'ambo ya bahari, jambo ambalo wageni wanaotembezwa kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani hawalisikii mara nyingi, ingawa magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981.

Wanazuoni waliofuata katika miji ya mwambao hawakuachiwa makaburi ya fahari, ila waliachiwa desturi. Khitma, ambayo ni kusoma Kurani nzima na kumwombea maiti thawabu zake, na hauli, yaani maadhimisho yanayofanywa kila mwaka katika siku ya kufa kwa shehe, ziliwafanya wanafunzi wakutane, wamtaje mwalimu wao, wasome alichokuwa akikisoma na kuuliza nani sasa anafundisha mahali pake. Swali hilo la mwisho ndilo muhimu zaidi kwa mada hii, kwa sababu linaitazama elimu ya marehemu kama amana ambayo lazima iwe mikononi mwa mtu.

Sheria iliyokuja na Wajerumani ilikuwa na sura nyingine. Ukatili wake ulionekana Kilwa Kivinje mnamo Novemba 1895, Hassan bin Omari, maarufu kwa jina la Makunganya, aliyeongoza upinzani dhidi ya utawala huo, aliponyongwa pamoja na wenzake, na mwembe unaohusishwa na kifo chao ukaingia katika kumbukumbu ya mji kwa jina la Mwembe Kinyonga. Makadhi na maliwali, yaani wakuu wa miji ya mwambao, waliendelea kuwepo, lakini wakiwa watumishi wa dola ya kigeni, na hali hiyo ilidumu, kwa mabadiliko, chini ya Waingereza, walioweka mahakama za wenyeji pembeni na mahakama za wazungu juu yake. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliyounganisha ngazi hizo kuwa mfumo mmoja, kuanzia mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu, na nafasi ya liwali kama mwamuzi wa mashauri ikafika mwisho wake Tanzania Bara. Kwa mwambao wa kusini badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko kubadilishwa kwa bendera, maana mtu aliyekuwa akipeleka shauri la mirathi kwa mwanazuoni anayemjua alianza kulipeleka kwa hakimu aliyepangiwa kazi na serikali, ambaye huenda alitoka Bukoba au Moshi.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa na wanasheria Waafrika wa kuhesabika kwa vidole. Ndiyo maana chuo kikuu kilipoanza, Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria, kikiwa na wanafunzi 14 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, na shahada zao zikitolewa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 masomo yalihamia kwenye kilima ambacho kimekipa chuo jina lake la mazoea, na tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kujitegemea baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kwa kuwa kitivo hicho kilitangulia vya Makerere na Nairobi, vijana wa Kenya na Uganda nao walikwenda kusoma sheria Dar es Salaam, na kwa njia hiyo darasa moja liliweza kutoa majaji wa nchi tatu.

Miongoni mwa wahitimu hao waliokwisha kufa, Augustino Ramadhani ndiye ambaye maisha yake yanaonyesha vizuri zaidi ugumu wa kumkumbuka mwanasheria kwa haki. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1945, akahitimu shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka 1970, akaingia Jeshi la Wananchi na kufikia cheo cha Brigedia, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar katika miaka ya 1980, kisha jaji wa Mahakama ya Rufani, na kuanzia 2007 mpaka 2010 Jaji Mkuu wa Tanzania. Baadaye aliiongoza Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na nje ya mahakama akawekewa mikono kuwa padri wa Kanisa la Anglikana. Alifariki tarehe 28 Aprili 2020. Tanzia, yaani taarifa ya kifo pamoja na sifa za marehemu, huorodhesha vyeo kama hivi na kuishia hapo, na msomaji huachwa akijua kwamba mtu mkubwa amekufa bila kujua aliamua nini.

Alichoamua, pamoja na majaji wenzake sita, tarehe 17 Juni 2010, kilimhusu hata mkazi wa Pande au wa Kivinje, huko Kilwa, ambaye hajawahi kusikia jina lake. Shauri lilikuwa la mgombea binafsi, yaani mtu anayetaka kuomba kura bila kudhaminiwa na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila alilifungua mara ya kwanza Dodoma mwaka 1993, na Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu akakubali mwaka 1994 kwamba raia ana haki hiyo, lakini Bunge likabadili Katiba ili kuizuia. Shauri la pili lilifunguliwa mwaka 2005, Mahakama Kuu ikaamua tena mwaka 2006 kwa kumwunga mkono Mtikila, na serikali ikakata rufaa. Mahakama ya Rufani, Ramadhani akiwa kiongozi wa jopo, ilitengua uamuzi huo kwa hoja kwamba suala hilo ni la kisiasa na kwamba mahali pake pa kuamuliwa ni Bungeni. Watanzania wengi waliokuwa wakingoja mlango ufunguliwe waliumizwa na hukumu hiyo, na haifai tanzia yoyote ya jaji huyu ikae kimya juu yake.

Hata hivyo habari haikuishia hapo. Mahakama ya Afrika ilipoamua shauri hilohilo mwezi Juni 2013, na kusema kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake kwa kumkataza mgombea binafsi, Ramadhani, ambaye tayari alikuwa jaji wa mahakama hiyo, alijitoa asikae kwenye shauri ambalo aliwahi kulihukumu. Wakati uleule alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Joseph Warioba, na rasimu zilizotolewa na Tume hiyo zilipendekeza kwamba raia aruhusiwe kugombea bila chama. Jaji aliyesema kwamba mlango huo hauwezi kufunguliwa na mahakama alishiriki kuandika rasimu ya kuufungua kwa Katiba. Mtu anaweza kulisoma jambo hilo kama kujigeuza, au kama uaminifu wa mtu aliyeamini kwamba kila chombo kina kazi yake. Usomaji wa pili una nguvu zaidi, kwa sababu unalingana na maneno ya hukumu yenyewe. Lakini hakuna usomaji hata mmoja unaowezekana pale ambapo marehemu anakumbukwa kwa cheo tu.

Katika shauri hilo la 2010 alikuwemo mhitimu mwingine wa Mlimani, Profesa Jwani Mwaikusa, aliyeitwa kama rafiki wa mahakama, yaani mtaalamu asiye upande wowote ambaye majaji humwomba awasaidie kuona hoja zote. Mwaikusa alifundisha sheria ya Katiba, na alikuwa pia mshairi, ambaye tungo zake za ujana zimo katika mkusanyo wa Summons uliochapishwa mwaka 1980. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, alikuwa wakili kiongozi wa mshtakiwa Yussuf Munyakazi, na mwaka 2008 alifanikiwa kuipinga hoja ya kumhamishia mteja wake Rwanda, baada ya majaji kukubali kwamba hakukuwa na uhakika wa kuhukumiwa huko kwa haki. Kumtetea mtu anayetuhumiwa kwa jambo zito kiasi hicho ni sehemu ya kazi ya sheria ambayo umma huielewa kwa shida, na ni sehemu yake yenye heshima kubwa. Mwaikusa aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Salasala, Dar es Salaam, mwezi Julai 2010, chini ya mwezi mmoja baada ya hukumu ya mgombea binafsi kusomwa.

Miaka mitatu baadaye kifo cha namna hiyo kilimpata Dk. Sengondo Mvungi, mhadhiri wa sheria, mmoja wa waasisi wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mgombea urais wa NCCR-Mageuzi mwaka 2005, ambaye alivamiwa nyumbani kwake mapema Novemba 2013 akafariki tarehe 12 mwezi huohuo katika hospitali moja ya Afrika Kusini. Alikuwa mjumbe wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, na rasimu ya pili ilipokabidhiwa tarehe 30 Desemba 2013 ilikabidhiwa bila yeye. Rasimu hiyo ilipelekwa katika Bunge Maalumu lililoongozwa na Samuel Sitta, mhitimu wa sheria wa Mlimani na Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010, aliyefariki Munich, Ujerumani, mwezi Novemba 2016. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge hilo mwezi Oktoba 2014, baada ya wajumbe wengi wa upinzani kuondoka, na kura ya maoni iliyotarajiwa haikufanyika. Mvungi na Sitta hawakuwa na msimamo mmoja, na kuwaweka pamoja katika orodha ya wahitimu mashuhuri bila kusema kwamba kazi ya mmoja ilibadilishwa sana katika ukumbi ulioongozwa na mwingine ni kuwanyima wote wawili haki yao.

Mwambao wa Lindi una sababu zake za kuzifuatilia habari hizi kwa karibu. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, na tangu 2004 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Swali la nani mwenye mali hiyo, na mkataba wake unasomwa na nani, ni swali la kisheria. Mikataba si jambo geni hapa. Mnamo Septemba 1776 Sultani wa Kilwa alitia mkono mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja, na maandishi hayo yaliyohifadhiwa yanathibitisha kwamba karatasi iliyoandikwa kwa ufasaha na kutiwa saini na pande mbili yaweza kuwa na dhuluma isiyo na kipimo dhidi ya watu wasioitwa mezani.

Jambo jingine linalohusu kusini kwa namna ya pekee ni mirathi. Wamwera, Wamakonde na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivi kwamba mpwa alikuwa na nafasi katika mali ya mjomba wake ambayo mtoto wa kuzaa hakuwa nayo. Serikali ilipoziandika sheria za mila mwaka 1963, katika Matangazo ya Serikali Namba 279 na 436, ilizipanga kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, na watu wa ukoo wa mama wakabaki nje ya maandishi. Juu ya hapo, Waislamu, walio wengi mwambaoni, wana mafungu ya mirathi yaliyowekwa na Kurani, ambayo humrithisha mtoto wa kuzaa, mwana na binti, kwa viwango tofauti. Hakimu anayeletewa shauri la shamba la minazi au mikorosho hulazimika kwanza kuuliza marehemu aliishi maisha ya namna gani, ndipo ajue sheria ipi itumike, na swali hilo halijibiwi na kitabu kinachofundishwa Mlimani. Lilijibiwa na wazee washauri wa mahakama, yaani raia waliokuwa wakikaa pamoja na hakimu wa mahakama ya mwanzo, ambao kwa hakika walikuwa walimu wa pili wa kila mhitimu aliyepangiwa kazi kusini.

Kukutana huko kwa mila na haki kulipata hukumu yake maarufu mbali na Lindi, Jaji James Mwalusanya alipoamua jijini Mwanza mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake ana haki ya kuliuza kama mwanamume, kwa sababu kanuni ya mila inayombagua haiwezi kusimama mbele ya Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Hukumu za jaji huyo zilikusanywa na kuchapishwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 2005, pamoja na maoni ya wasomi, na kitabu hicho kinafaa kuwa kielelezo, kwa kuwa ndani yake jaji anazungumza kwa hoja zake mwenyewe, na anayetaka kumpinga anaweza kufanya hivyo. Tatizo lake ni lugha. Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama katika ngazi zote ilipitishwa mwaka 2021 tu, na hukumu karibu zote za juu za nusu karne iliyotangulia, za Ramadhani na za Mwalusanya zikiwemo, ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mkulima wa Kilwa ambaye haki yake imo ndani yake hawezi kuisoma. Kuzitafsiri hukumu kumi au ishirini zilizo bora zaidi kungekuwa kumbukumbu yenye manufaa kuliko ukumbi wowote uliopewa jina la marehemu.

Chini ya majina hayo makubwa wako mahakimu wa mahakama za mwanzo, waliosomea Mzumbe na baadaye Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, ambao hawakuwa na shahada za kutajwa magazetini na ambao hata hivyo ndio walioamua mashauri mengi zaidi kuliko majaji wote kwa pamoja. Mwandishi wa Tarihi ya Kilwa alifanana nao kwa jambo moja: aliandika kwamba amezaliwa mwezi wa Shawwal mwaka 904 wa Hijria, yaani 1499, akaorodhesha masultani na wanazuoni wa mji wake, na jina lake mwenyewe halimo katika nakala iliyofika London. Mahakimu hao wana bahati zaidi kidogo kuliko yeye. Mashauri ya mahakama ya mwanzo yaliandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono, na kwa miaka mingi hukumu yake ilipaswa kutiwa saini na hakimu pamoja na wazee wawili waliokaa naye, kwa hiyo katika kila jalada ambalo halijaliwa na mchwa au kuharibiwa na unyevunyevu wa bahari, chini ya uamuzi kuhusu minazi mingapi iende kwa nani, yako majina matatu.